Gari Nililomnyanyulia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana adabu ya kutisha. Tangu nimwoe bintiye hajawahi kuniambia neno baya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo letu. Akitaka maji, nami nimekaa karibu na mtungi, humwambia mke wangu, "Mwambie mwenzio, kama hatachoka, anitekee kata moja." Mke wangu yuko uani anaosha vyombo. Mimi niko hatua mbili tu kutoka alipokaa mzee, nimesikia kila kitu, lakini nangoja ujumbe uende uani urudi, ndipo niteke maji. Nami nikiwa na jambo lake, namtuma mke wangu vilevile. Shikamoo yangu nampa nikitazama vidole vya miguu yangu.

Kwa sheria ya dini hapana shida. Mama mkwe ni maharimu yangu, ningeweza kumshika mkono na mbingu zisianguke. Lakini haya ya ukwe kwetu huku haingoji sheria iseme. Marehemu baba yangu alimzika mama mkwe wake bila kuwahi kula mbele yake hata siku moja, na alijisifu kwa hilo. Nayasema haya mapema kwa sababu asiyeyajua hataelewa jinsi gari langu, zima kabisa, lilivyogeuka kuwa mtihani wa nyumba yetu.

Mama mkwe anakaa Mwera, upande wa Pangani, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Amebakiwa na ndugu mmoja wa tumbo moja, dada yake mkubwa, aliyeolewa zamani na mkulima wa machungwa akahamia Maramba moja kwa moja. Tangu walipotenganishwa na ndoa wana desturi yao. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia na watu wakivunja jungu, yaani wakila na kufurahi kabla ya mfungo, mdogo hupika mchuzi wa samaki changu wa nazi kwenye chungu, mkubwa hupika bada, ule ugali wetu wa muhogo unaoteleza wenyewe kooni. Mchuzi husafiri, bada hungoja. Hakuna anayepika cha mwenzake. Siku moja nilimtuma mke wangu amwulize kwa nini dada mtu asinunue samaki hukohuko Maramba akapika mwenyewe. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: "Mwambie mwenzio bada la dada yangu halili mchuzi wa mtu mwingine."

Zamani alikwenda kwa basi, chungu mapajani. Nilipooa, kazi hiyo ikawa yangu, maana mimi ni dereva wa kukodiwa mjini Tanga, na nina Noah ambayo imebeba harusi, misiba, na wanafunzi wa chekechea wasiohesabika. Lilikuwa gari tulivu sana. Mtoto wetu mdogo alikuwa hachukui muda kulala. Tukishaingia lami tu, kichwa kinaanguka begani kwa mama yake. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma yangu, chungu kimefungwa jani la mgomba juu na kuwekewa ngata chini, na mchuzi ulifika Maramba haujalowesha hata ukingo wa jani.

Tatizo la gari hilo lilikuwa tumbo. Gari lilikaa chini mno. Kwenye lami lilipita kwa raha, lakini kwenye njia ya vumbi liligusa kila kitu, na ukiwa ndani unasikia mawe yanavyosugua chini ya miguu yako. Mwaka juzi mvua zilitangulia. Tulipoiacha lami ya kwenda Horohoro tukashika njia ya Maramba, tukafika mahali ambapo maji yalikuwa yamekata barabara, mawe yamebaki nje na pembeni ni tope. Nikajaribu kupita katikati. Gari likakaa juu ya jiwe, magurudumu yanazunguka bure, na harufu ya oili ikaanza kuingia ndani. Watu wa shambani walitusukuma tukarudi nyuma, na huko nyuma ndiko tulikoendelea kwenda, mpaka Mwera, na chungu chetu.

Mke wangu alimpigia simu mama yake mkubwa. Bibi yule macho yake yameondoka, presha ya macho imeyala kidogo kidogo, sasa anamjua mtu kwa sauti na kwa kumshika. Nilisikia sauti yake kwenye spika ya simu: "Haya, wanangu, njia ni njia. Bada nitawapa majirani." Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, anasikiliza. Mchuzi tuliula sisi. Yeye alisema ameshiba, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni.

Ile sura yake pale mkekani iliniuma kuliko nilivyotegemea. Nikamwambia mke wangu kwamba mwaka unaofuata gari litapita, liwalo na liwe, na mama yake atakaa sinia moja na dada yake. Wazee wale hawakuwa na miaka mingi ya kupoteza, na sote tulilijua hilo bila kulitamka.

Fundi wangu ana maneno mengi kuliko spana. Nilipomwambia nataka gari linyanyuliwe, alilala chini yake, akatoka, akajifuta mikono, akaanza hotuba. "Kulinyanyua ni kazi ndogo. Mbele nitaweka spesa, chuma cha kuongeza kimo, juu ya shokomzoba, nyuma nitaweka springi ndefu na ngumu, tairi tutapandisha saizi. Litapita mpaka mtoni. Lakini nisikilize. Gari likipanda, uzito nao umepanda. Kona ulizozoea kuzikata, sasa litalala upande. Springi ngumu hazisamehe shimo. Na hizi shokomzoba zako za kupunguza mdundo ni fupi, zitavutwa mpaka mwisho, zikigonga utasikia kwenye meno. Usukani nao utakuwa mwepesi, litatangatanga."

Katika yote hayo mimi nilisikia maneno mawili: litapita mpaka mtoni. Nikamwambia anyanyue mpaka mwisho.

Siku nilipolichukua nililizunguka mara kadhaa. Lilisimama juu, tairi nene, linatazama watu chini. Majirani walitoka kuliangalia. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo, aliniuliza kama nimehamia jeshini. Nilicheka, lakini kusema kweli kifua kilinijaa. Nikalipeleka kwenye njia mbovu kuliko zote ninazozijua, likapita mawe yote bila kugusa hata moja, na nikawaza sura ya mama mkwe tukipita pale palipotushinda.

Raha hiyo ilidumu mpaka niliporudi lami. Upepo wa pembeni uliokuwa haunihusu sasa ulisukuma gari nje ya mstari, nikawa nashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Nikikanyaga breki, pua inainama na kila kilicho kwenye viti vya nyuma kinakuja mbele. Kila tuta lilikuwa pigo. Nikipita taratibu linadunda, nikipita haraka linaruka, na likishuka shokomzoba zinagonga vilevile fundi alivyosema. Hata taa zilipanda pamoja na gari, madereva wa upande wa pili wakawa wananiwashia zao kwa hasira na kunitajia wazazi wangu. Nilimshusha bibi harusi mmoja wanja umemfika shavuni, na haikuwa kwa kulilia kwao. Na mtoto wetu, aliyekuwa akilala tukigusa tu lami, sasa alikaa macho safari nzima, ameshika blauzi ya mama yake kwa ngumi mbili.

"Gari limekuwa zuri," nilimwambia mke wangu.

"Kwa nani?" akauliza.

Mwezi wa Rajabu mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki ya presha mjini, nikaenda Mwera kumchukua pamoja na mke wangu na mtoto. Alitoka amevaa vizuri, baibui limepigwa pasi, mkoba kwapani. Akafika mlangoni pa gari akasimama. Sakafu ya gari, ambayo zamani aliingia kwa kuinua mguu kidogo tu, sasa ilikuwa karibu na kiuno chake. Mke wangu alikuwa ameshaingia na mtoto. Nami, kwa mazoea ya kazi, kwa sababu kila siku nawapandisha wazee wa watu, nikanyoosha mkono.

Aliutazama ule mkono. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliutazama kama mtu aliyeona kitu kimeanguka njiani na hataki mwenyewe aaibike. Kisha akasema, hakuniambia mimi, "Nimesahau tasbihi yangu," akarudi ndani. Tasbihi ilikuwa mkononi mwake.

Nikaelewa nimefanya nini, nikaenda kusimama nyuma ya gari, uso nimeuelekeza kwenye minazi. Nilimsikia akirudi. Nilisikia goti likigonga bati, pumzi, kitambaa kikivutwa, mke wangu akinong'ona, "Taratibu mama, taratibu." Alipanda kwa magoti na viganja, yeye ambaye sijawahi kumwona hata amekaa vibaya. Kwenye kona nilimwona kwenye kioo ameshika mgongo wa kiti changu, na kwenye kila shimo alitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ndogo. Tulipofika mjini alisema, kumwambia bintiye, "Gari zuri. Alhamdulillahi."

Shaabani ilipokaribia kwisha, ujumbe ukaja kutoka Mwera. Magoti yanamsumbua. Mwaka huu tumpelekee tu dada yake mchuzi, yeye atabaki.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimeligeuza gari zima kwa ajili yake. Wateja walikuwa wananikimbia kwa ajili yake. Na sasa magoti. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akaniacha niseme mpaka niishiwe, kisha akaendelea kukuna kidogo kabla ya kunijibu.

"Mama anapanda darini kuangusha mahindi," alisema. "Magoti yake hayana kitu."

"Basi anaogopa njia?"

"Haogopi njia. Anaogopa mlango. Na kule ndani anavyorushwa. Ataangukia kwako siku moja, awe amekushika shingo. Wee ungekuwa yeye ungepanda?"

"Si aseme."

"Akwambie wee gari lako baya? Umemnyanyulia yeye, mji mzima unajua. Atakwambiaje?"

Nikamwambia basi yeye bintiye awe anamsukuma kwa nyuma.

"Nimsukume mama yangu kama gunia la nazi, mbele ya mumewangu," alisema. Aliendelea kukuna. Baadaye akasema, kwa sauti nyingine, "Mama mkubwa kapiga simu jana. Kauliza kama mwaka huu mchuzi unakuja wenyewe."

Nililala na swali hilo, na asubuhi nilikuwa gereji kabla fundi hajafungua. Hakuacha kunicheka mpaka kazi ilipokwisha, na alikuwa na haki. Nilimwambia nataka gari lishuke lakini lisishuke lote. Lipite Maramba, lakini mtu mzima aweze kupanda bila kushikwa. "Unataka liwe juu na chini," akasema. Akatoa spesa nene akaweka nyembamba. Springi ngumu za nyuma akazitoa, akatafuta za kawaida zenye urefu kidogo, na shokomzoba zinazolingana nazo, ili zisiwe zinavutwa mpaka mwisho. Tairi akazirudisha za zamani. Tukalipeleka alaimenti kunyoosha magurudumu, tukainamisha taa. Nilimwomba achomelee kidaraja cha bomba chini ya mlango, akakataa. "Hicho ndicho kitakachokuwa cha kwanza kugonga jiwe. Umenyanyua gari ukining'inize chuma chini yake?" Badala yake akafunga mshikio imara wa chuma ndani, ubavuni mwa mlango, na mimi nikaenda kwa seremala anitengenezee kigoda kipana cha mninga.

Lilikuwa limebaki juu kwa kiasi cha vidole viwili kuliko lilivyozaliwa. Kwenye lami lilitulia, ingawa kwenye kona bado uliona kwamba si lile la zamani. Kama vidole viwili vingetosha pale kwenye mawe, hilo hakuna aliyejua. Fundi aliliangalia kwa mbali, akasema, "Ukikwama, sema ulilinyanyulia kwingine."

Sasa ilibaki kumwonyesha mama mkwe, na hiyo haikuwa kazi ya kutumiana ujumbe. Tulikwenda Mwera siku kadhaa kabla ya safari. Nikaegesha uani, mlango nimeuacha wazi, kigoda nimekiweka mahali pake, kisha nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba nakwenda kuswali alasiri na huenda nikakawia. Nilikawia kweli. Sala iliisha, nikakaa barazani pa msikiti nikazungumza na wazee habari za bei ya nazi, za mvua, za watoto wao walioko Mombasa. Wazee wote wakaondoka mmoja mmoja, nikabaki peke yangu nachezea funguo. Nilimfikiria mama wa watu pale uani, na mlango, bila jicho la mkwe.

Niliporudi, gari lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Ila juu ya kigoda kulikuwa na alama za vumbi za kandambili, moja juu ya nyingine, nyingi kuliko za kupanda mara moja. Mama mkwe alikuwa jikoni anapuliza moto. Mke wangu akaniletea chai, akasema, "Mama anasema magoti yana afadhali."

Siku ya safari alitoka na chungu chake. Nilisimama mbele ya gari nikifuta kioo ambacho kilikuwa safi. Nilisikia mguu kwenye kigoda, kisha mwingine, kisha kiti kikalia. Basi. Nilirudisha kigoda ndani bila kumtazama mtu, tukaondoka. Tulipita mjini, tukashika barabara ya Horohoro, na kwenye kioo nilimwona mtoto kichwa kimeanguka begani kwa mama yake. Nusura nimwamshe kwa furaha.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilijua hilo tangu tulipoiacha lami. Tulipofika pale mahali, nilisimamisha gari nikashuka kuangalia. Mawe yalikuwa yaleyale, na maji yamechimba zaidi pembeni. Nilipima kwa kiganja, nikainama kuangalia tumbo la gari, nikapima tena. Kama ningeliacha vile nilivyolinyanyua kwanza, lingepita bila mtu kushuka. Lakini lingepita bila yule niliyemnyanyulia. Nilimwambia mke wangu kwamba likiwa tupu huenda likapita.

Wakashuka wote. Mke wangu alimbeba mtoto. Mama mkwe akatia ngata kichwani, akajitwika chungu, akakunja baibui kwa mkono mmoja, akavua kandambili, akavuka lile tope hatua kwa hatua, mgongo umenyooka, hata chungu hakukishika. Magoti yale. Nikaingia garini nikiwa na kazi ya kuzuia kicheko na hofu kwa pamoja.

Niliweka gurudumu la kushoto juu ya mawe na la kulia kwenye ukingo wa tope, nikaachia breki pole pole. Gari likainama upande mpaka nikaona tope karibu na dirisha. Nilisikia jiwe likisugua tumbo, mara moja, kwa urefu, sauti ileile ya mwaka juzi, na nikangoja gari likae juu yake. Halikukaa. Lilijivuta, likanyanyuka mbele, likatoka upande wa pili. Nikazima injini.

Nikashusha kigoda. Ardhi ilikuwa laini, na mguu mmoja wa kigoda ukazama, kikalala upande. Nikajaribu jiwe chini yake, halikukaa. Mke wangu ana mtoto aliyelala begani. Mama mkwe amesimama, chungu sasa amekikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, mkono wa pili mtupu, anatazama kigoda. Sikufikiri sana. Nilipiga magoti kwenye tope, nikashika kigoda kwa mikono miwili nikakinyoosha, nikageuza uso wangu kwenye tairi, nikatulia hapo. Ile tairi naijua sasa, kila ufa wake.

Kisha nikasikia mguu wa tope ukikanyaga kigoda, kikayumba, na kabla hajaufikia mshikio kiganja kikatua juu ya kofia yangu. Kilitua chote, na uzito wake, kofia ikashuka mpaka kwenye nyusi. "Bismillahi," akasema. Nikajikaza shingo. Kiganja kikanikandamiza, kikaniachia, na yeye akawa juu. Nilipandisha kofia yangu na kuingia kwenye usukani na magoti ya tope.

Tulipofika Maramba dada yake alikuwa barazani, mikono ameiweka mapajani, uso ameuelekeza barabarani. "Nimesikia mlango," alisema. "Nani kashuka?"

"Mie," akasema mama mkwe.

Hawakupiga kelele. Mdogo aliketi mkekani, mkubwa akamshika uso, masikio, mabega, akamalizia na chungu. Alipitisha kidole ukingoni mwa jani la mgomba, pande zote, akakiramba. "Kikavu," akasema. "Haukumwagika." Ndipo akalia kidogo, na mdogo naye, na bada likaletwa.

Mimi nilikaa mwisho wa baraza, mgongo nimewapa, namenya chungwa ili wale kwa raha zao. Lakini masikio hayana mgongo, nilisikia yote.

"Mwaka jana nilikwambia bada n'tawapa majirani," alisema mkubwa. "Sikuwapa. Nilikaa nalo mpaka likawa jiwe."

"Na mie mchuzi sikuuonja."

"Kwenye simu ulisema umekula."

"Nawe ulisema umewapa."

Wakaendelea kula. Baadaye mkubwa akauliza magoti yakoje, na gari lile refu aliloambiwa amelipandaje, kwani mkwe kamshika?

"Hakunishika," alisema mama mkwe. Alitafuna, akameza. "Nimemshika mie."

Chungwa lilikuwa tamu, na macho yalinijaa maji nikalisingizia ganda lake.

Tuliondoka jua likiwa bado juu, chungu kimeoshwa na kujazwa machungwa, maana chombo hakirudishwi kitupu. Pale kwenye mawe walishuka tena, wakavuka, nikapiga tena magoti, na kofia yangu ikashuka tena mpaka kwenye nyusi. Tulipoingia lami nikapumua. Barabara ilikuwa tupu, mtoto amelala, na mimi nikiwa na furaha niliikata kona moja kwa mwendo wa zamani, mwendo wa gari lile kabla halijaguswa. Likalala upande, machungwa yakagonga chungu.

"Baba," ikasema sauti nyuma yangu.

Nilidhani anamwamsha mjukuu wake. Nikaendelea kuendesha.

"Baba, nakwambia wee unayeendesha."

Mke wangu aligeuka akatazama nje ya dirisha, haraka sana. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili. "Naam, mama."

"Gari lako hili linayumba."

"Ni kweli, mama."

"Tangu ulinyanyue linayumba. Lilikuwa gari zuri, ukaliharibu. Sasa limepata afadhali, lakini linayumba. Na kona ile umeikata vibaya."

"Nitapunguza mwendo, mama."

"Punguza. Na tuta lile la mbele umeliona, basi usiliparamie."

Nikapunguza. Akasema tena kuhusu breki, kwamba nazikanyaga kwa ghafla, na kuhusu kiti, kwamba kinahitaji mto, na kuhusu siku ile ya kliniki, kwamba alifika mjini tumbo limemgeuka na alinionea haya tu. Alikuwa na mambo mengi, ya tangu siku ya harusi yetu, na alikuwa ameyaweka kwa mpangilio mzuri. Nilijibu naam kwa kila moja. Mjini tulipaswa kushika njia ya mkato kutokea barabara ya Pangani. Nikaiacha makusudi, nikachukua ya mbali, na mke wangu alijua lakini hakunikumbusha.